Jiko la gesi la kuotea moto linazimika nikiachia kinobu, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Niko Minnesota, baridi imeshaanza kung'ata na jiko langu la gesi la kuotea moto limenigomea. Nikibonyeza kinobu na kuwasha, ule moto mdogo wa kuwashia unawaka vizuri tu, wa bluu. Nashikilia sekunde 30, hata dakika nzima. Nikiachia, unazimika papo hapo.

Kiangazi chote halikuwashwa, nikadhani ni vumbi au utando wa buibui. Nikafunga gesi, nikasafisha kwa brashi laini na kupuliza kwa kopo la hewa. Bado. Sasa nashuku themokapo, kile kijiti kinachochomwa na huo moto mdogo, maana kisipotoa umeme wake kidogo (milivolti 25 hadi 30) valvu inayopitisha gesi inajifunga. Multimita yangu (kifaa cha kupimia umeme) inasoma milivolti 9 tu.

Mliowahi kubadilisha wenyewe, ni kazi ya spana tu au nimwite fundi mwenye leseni? Aliyekuja mwaka jana alinitoza hela nyingi kwa kupangusa kioo! Na je, yawezekana valvu ndiyo imekufa?

Harufu ya gesi hakuna, na king'ora cha kaboni monoksidi ninacho, kabla hamjaniuliza.