Baji jike anaguguna kila kitu nyumbani: je, ni tabia yake au ni ugonjwa?

Mfugaji Mpya, Tanga

Assalaam alaikum, na habari za jioni kwa nyote. Ninafuga jozi moja ya wale kasuku wadogo wa Australia tunaowaita baji, dume wa buluu na jike wa kijani, na sasa wanakaribia mwaka mmoja na nusu tangu niwanunue. Dume hana tatizo lolote. Kutwa anaimba na kumlisha mwenzake. Jike ndiye aliyebadilika. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi amekuwa akiguguna kila anachokifikia: alianza na kijiti anachosimamia, ambacho sasa kimeliwa katikati hadi kinakaribia kukatika, akaendelea na magazeti ninayotandika chini ya tundu, na jioni nikimfungulia aruke sebuleni huenda moja kwa moja kwenye ukingo wa mkeka wa ukindu, au kwenye fremu ya dirisha, ambako huibandua rangi kipande baada ya kipande.

Jirani alinishauri nipake pilipili. Nikasaga pilipili kichaa, nikapaka kwenye fremu na kwenye kijiti, naye akaendelea na kazi yake kana kwamba sikupaka kitu. Linalonitia hofu zaidi ni ile ngozi iliyo juu ya mdomo wake, penye matundu ya pua, ambayo zamani ilikuwa nyeupe na sasa imekuwa ya kahawia iliyokolea, tena imekauka na kukwaruza. Chakula chao ni ulezi na uwele, na mchicha mara moja kwa wiki. Ninaomba wenye uzoefu wanieleze kama huu ni ugonjwa, na kama si ugonjwa, nimzuieje.

Babu wa Likoni

Mwanangu, waalaikum salaam. Nimefuga ndege hawa kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninakuomba kwanza utulie, kwa sababu karibu yote uliyoyaeleza ni ya jike mzima aliyefikia wakati wa kutaga. Huko kwao Australia baji hajengi kiota cha majani kama mnana. Hutafuta pango katika shina au tawi la mti, mara nyingi mkaratusi, na jike ndiye anayeguguna mlango na sakafu ya pango hilo mpaka limtoshe. Kazi hiyo ni ya jike, ndiyo maana dume wako anaimba tu. Ile ngozi ya kahawia nayo ni alama ya wakati huohuo: kwa jike huwa kahawia na kukauka anapokuwa tayari kuzaa, kisha ikapauka tena, ilhali ya dume mzima hubaki buluu katika ndege wengi.

Kuhusu pilipili, usipoteze tena pilipili yako. Ndege hawausikii ule ukali unaotuchoma sisi. Porini wao ndio wanaokula pilipili na kuzisambaza mbegu zake.

Kumzuia kuguguna hutaweza, na hata ungeweza lingekuwa kosa, kwa kuwa mdomo wake unakua maisha yake yote na kuguguna ni mojawapo ya njia za kuuweka katika umbo lake. Unachoweza kufanya ni kumchagulia cha kuguguna. Wewe uko Tanga na mivinje iko ufukweni: kata tawi bichi lenye unene wa kidole, mbali na barabara na mahali panapopulizwa dawa, lioshe, likaushe juani, kisha ulifunge ndani ya tundu pamoja na maganda yake. Mvinje nao asili yake inafika Australia, na mimi sijaona mti wanaoupenda kuliko huo. Mpera na mkaratusi vinafaa pia. Usikate mparachichi, wala mnyaa wa uani, kwa maana utomvu wake unaunguza. Mkeka wenyewe si adui, ila rangi zilizotiwa ukindu hatuzijui. Ukipata ukili mweupe usiotiwa rangi, msokotee kipande kifupi umtundikie, naye atakuachia mkeka wako.

Ukiwa na nafasi, mpe pia kisanduku cha mbao chenye tundu ubavuni ili amalize hamu yake.

Mtabibu wa Mifugo, Morogoro

Ninakubaliana na Mzee kwa sehemu kubwa, lakini kwa heshima zote napinga hilo la kisanduku, angalau kwa sasa. Kisanduku chenye giza hakimalizi hamu ya jike; kinamwambia kwamba pango limepatikana, na kwa kawaida ndipo anapoanza kutaga, yai moja kila baada ya siku moja hivi, mpaka yafike manne, sita au zaidi. Ndege anayeishi kwa ulezi na uwele na mchicha wa mara moja kwa wiki huenda hana madini ya chokaa (kalsiamu) ya kutosha mwilini, na jike wa namna hiyo anaweza kushindwa kulitoa yai. Hali hiyo huua haraka. Anza na mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaoletwa na mawimbi: uloweke katika maji safi siku kadhaa huku ukiyabadilisha, uuanike mpaka ukauke kabisa, kisha uubane kwenye nyaya za tundu. Mpe mboga kila siku badala ya mara moja kwa wiki, kama vile sukuma wiki, karoti iliyoparuzwa na mchicha kwa kiasi. Usiku umfunike mapema ili apate saa kumi na mbili za giza, kwa sababu mwanga mrefu na chakula tele ndivyo vinavyomwambia kwamba msimu wa kuzaa umefika.

Jambo ambalo ningelishughulikia leo hii, kabla ya mengine yote, ni fremu ya dirisha. Rangi nyingi za zamani, na baadhi ya zinazouzwa hata sasa, zina madini ya risasi. Ndege huyu ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu, kwa hiyo vipande vichache vinatosha kumdhuru. Funika fremu hiyo au usimfungulie katika chumba hicho. Chunguza pia nyaya za tundu lenyewe: zikiwa zimepakwa zinki inayobanduka, hatari ni ileile. Ukimwona amejivimbisha manyoya mchana, anayumba kwenye kijiti, anatapika, au kinyesi chake kimekuwa cha kijani kibichi chenye majimaji, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie.

Kuhusu ngozi ya pua, Mzee amesema kweli, lakini uitazame kwa karibu mchana. Kahawia iliyoishia hapo juu ya pua ni ya kawaida. Ukoko wa kijivu wenye vitundu vidogo kama sifongo, unaoenea pembeni mwa mdomo, kuzunguka macho na miguuni, ni utitiri, na dawa yake ipo kwa daktari. Usimpake mafuta ya taa kama wengine wanavyofanya.

Mfugaji Mpya, Tanga

Shukrani nyingi kwako Mzee wangu na kwako Daktari. Nimetazama leo asubuhi: ukoko haupo, ni kahawia tu juu ya pua. Fremu nimeifunika kwa kadibodi na nimeweka tawi la mvinje tangu juzi. Amelichuna maganda upande mmoja wote na kijiti cha zamani hakigusi tena. Nina swali moja. Usiku akikaribia kulala husugua mdomo wa juu na wa chini ukatoa sauti kama ya mtu anayesaga meno. Je, hilo nalo lina dawa? Pia, sisi hufukiza udi sebuleni kila Ijumaa, nao tundu lao liko humo.

Babu wa Likoni

Huko kusaga mdomo ni utulivu, mwanangu; hufanya hivyo ndege aliyeshiba na asiye na hofu, akiwa anasinzia. Kuhusu kisanduku, Daktari ameniweka sawa, nami naliondoa neno langu. Udi ndio wa kuogopa. Mapafu ya ndege yameunganishwa na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, na moshi unaotufanya sisi tukohoe unaweza kumlaza yeye. Kabla ya kuwasha chetezo, hamishia tundu chumba kingine na ufunge mlango, ulirudishe baada ya sebule kupata hewa. Fanya vivyo hivyo kwa dawa ya mbu ya kuwasha na ya kupuliza, na kwa vile vikaango vyenye utando usioshika chakula, ambavyo vikisahauliwa motoni hutoa mvuke usio na harufu kubwa lakini unaoua ndege kwa dakika chache. Na jioni unapowafungulia, zima pangaboi na ufunike ndoo za maji.