Tupeane uzoefu: mlioungua, au mliouguza aliyeungua, mlipitaje?

Bi Karai
Assalaam alaykum. Jana nakaanga bajia za futari, tone la mafuta likanirukia mkononi. Tone tu, halifiki punje ya mtama. Nikakaa chini jikoni nikalia mpaka mume wangu akaja kuuliza nani kafa. Hakufa mtu. Ni miaka sita sasa tangu mwanangu wa mwisho avute kanga niliyoipitisha chini ya sufuria ya chai ya maziwa. Ndo kwanza imechemka. Alikuwa na mwaka na miezi minne, ikamshukia shingoni na kifuani.

Nilichofanya naomba mwenzangu asifanye. Nilimvua fulana kwa pupa ikatoka na ngozi. Jirani kaja na dawa ya meno, mwengine kaja na unga wa ngano, tukampaka vyote viwili. Spitali walianza kwa kuusugua ule unga. Sauti ile mpaka leo ninayo. Nipeni zenu, maana kwetu nyumbani hili halizungumzwi.

Shungi
Mie yai bichi na bluu ya kufulia. Tuko wengi.

Mzee wa Konde
Dawa ya meno inapoza, msiitukane. Nimeitumia na nimepona.

Nesi Mstaafu
Ulipona kwa kuwa kilikuwa kidogo, mzee wangu. Ile dawa inachokoza jeraha na inamficha daktari asione limeingia kiasi gani. Ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Hata kama umechelewa, ndani ya saa 3 bado yanasaidia. Barafu hapana. Nguo iliyogandia usiivute. Na mtoto umpoze palipoungua tu, kwengine umfunike, asije akaingiwa na baridi.

Mzee wa Konde
Dakika 20 za bomba! Kwetu maji yanatoka alfajiri, tena kwa zamu.

Nesi Mstaafu
Basi tumia kata na ndoo. Mimina taratibu.

Dada wa Mvuvi
Nisameheni, langu refu. Sisi ni watu wa Pemba, kijiji nakihifadhi. Mwaka juzi kaka yangu yuko bahari kuu usiku na mwenzake, mashine ikazima. Kaka akafungua tangi aongeze petroli ya kwenye dumu, mashine bado ya moto, na yule mwenzake sigara iko mdomoni. Petroli ikamwagika mapajani. Anasema hakusikia kishindo chochote, aliona tu mkono wake umekuwa taa. Akajitupa majini.

Mashine haikuwaka tena. Walipiga kasia mpaka kukaanza kupambazuka, muda wa saa 5 umepita tangu aungue. Tulipompokea anatetemeka, anaomba maji, anasema mapaja hayamuumi. Sisi tukashukuru, alhamdulillahi, haumwi! Muuguzi aliposikia ndo uso ukambadilika. Kumbe palipoungua mpaka chini hapaumi, kwa sababu mishipa ya kusikia maumivu nayo imeungua.

Daktari, kijana mdogo, akachukua kiganja cha kaka mwenyewe akawa anakipima juu ya mwili, kama fundi anayepima kitambaa. Kiganja na vidole vyake mtu ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Mapaja kwa mbele, tumbo, mkono wa kulia: akapata kama 30. Kisha akaandika juu ya boksi la glavu, 4 mara 60 mara 30. Sitini ndo kilo za kaka. Jawabu 7,200. Nikamuuliza ndo tunachotakiwa kulipa? Akasema hapana dada, ni mililita za dripu, ile 4 ni mililita kwa kila kilo na kila asilimia iliyoungua.

Lita saba na zaidi kwa siku moja! Na nusu yake iingie ndani ya saa 8 za mwanzo, na hizo saa 8 zinahesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika. Na yeye 5 kashazimaliza baharini. Kwa hiyo lita tatu na nusu na kitu ziingie kwa saa 3. Mishipa imejificha, walimchoma mara sita ndo wakaupata mmoja. Kufika adhuhuri kavimba mpaka macho yamefumba. Mama alipoingia alimpita mwanawe akenda kusimama kitanda cha pili.

Shungi
Ya Rabi.

Mtoto wa Mji
Sigara juu ya petroli! Huyo mwenzake yuko wapi saa hizi?

Dada wa Mvuvi
Kalala hapa. Ni mume wangu.

Mtoto wa Mji
🙆🏾

Shungi
Shoga, na unampikia?

Mzee wa Konde
Muacheni. Ile ni qadar.

Shungi
Qadar haivuti sigara, mzee.

Mzee wa Konde
Weye dada mdogo chunga ulimi wako, mwezi huu.

Kasa
Mimi naona maji ya chumvi ndo yalimuokoa. Chumvi inaua vijidudu.

Nesi Mstaafu
Yalimuokoa kwa kuuzima moto, basi. Baada ya hapo alikaa na nguo mbichi usiku kucha kwenye upepo, na aliyeungua hawezi kulinda joto lake. Ile hesabu ya dripu ilitoka Dallas, Marekani, miaka ya 1960, kwa daktari Charles Baxter. Siku hizi wako wanaoanzia 2 badala ya 4, kisha wanafuata mkojo: ukiwa haba wanaongeza, ukiwa mwingi wanapunguza. Maji yakizidi nayo yana madhara.

Mwanafunzi wa Tunguu
Nimesoma kuwa Fortaleza kule Brazil wanabandika ngozi ya perege juu ya jeraha la moto. Inagandia, hawana haja ya kubandua bandeji kila siku, na maumivu yanapungua.

Mtoto wa Mji
Perege tena! Kesho nakwenda Malindi sokoni naulizia ngozi ya changu bei gani.

Kasa
Ya papa itafaa zaidi, ni ngumu 😂

Nesi Mstaafu
Mnacheka, lakini kuna mtu atakwenda kweli. Ile inasafishwa maabara na kupigwa mionzi mpaka hakuna kidudu. Ya sokoni ni kumpandia mgonjwa usaha. Asali vivyo hivyo. Uchunguzi umeonesha majeraha ya moto yasiyoingia ndani sana yanafunga mapema kwa asali kuliko kwa bandeji nyingi za kawaida, ila ni asali iliyotengenezwa kwa tiba.

Mzee wa Konde
Bibi yangu alikuwa anatia asali kabla hao wachunguzi hawajazaliwa.

Nesi Mstaafu
Bibi yako alikuwa na asali. Sisi tunauziwa sukari guru iliyoyeyushwa.

Kasa
Dada wa Mvuvi, kaka aliponaje? Au ndo hamuongei tena pale nyumbani?

Dada wa Mvuvi
Tunaongea. Walimvusha kwa boti mpaka Dar. Wakachukua ngozi nyuma ya mapaja, nyembamba kama ya kitunguu, wakaipitisha mashine ikatoboka matundu ili itanuke, wakambandika tumboni. Kaka alipoiona akasema, "Hata mie wamenishonea wavu wa jarife." Siku ya tano wakafungua kutazama kama imeshika. Ilishika, isipokuwa kipande karibu na kitovu. Na wallahi alilia zaidi kwa pale ilipotolewa kuliko pale ilipobandikwa.

Nesi Mstaafu
Zamani tulikuwa tunasubiri ile ngozi iliyokufa ijibandue yenyewe, wiki na wiki, na wagonjwa wakifia hapo kwa uchafu kuingia damuni. Aliyewafungua watu macho ni mwanamke, Zora Janžekovič wa Maribor, ambayo leo iko Slovenia. Mwaka 1970 aliandika namna anavyoikwangua mapema, siku za mwanzo tu, na kubandika ngozi hapo hapo.

Bi Karai
Mie la kwangu lililoniuma zaidi ni mto. Jeraha limefunga, tumesharudi nyumbani, watu wanapongeza. Mtoto anapenda kulala kidevu kimeinama, namuwekea mto, nasema apumzike masikini. Mwezi wa tatu nikamwita atazame ndege juu ya mwembe, akageuka mwili mzima. Shingo hainyanyuki. Kovu limemvuta kidevu kifuani. Kurudi tena kisuni. Pale ndo tukaambiwa mlalo anaoupenda ndo huo kovu linaomkamatia. Hakuna mto, kanga ikunjwe iwekwe chini ya mabega. Nilimbandikia picha ya ng'ombe darini ili anyanyue shingo, kila asubuhi tunamuamkia ng'ombe.

Shungi
Hakuna aliyewaambia siku mnatoka?

Bi Karai
Tulipewa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi.

Fundi Cherehani
Mie huletewa watu niwashonee zile nguo za kubana makovu. Naomba mje na vipimo vya mtaalamu wa mazoezi, msiniambie "fundi wewe bana tu". Nikikisia naweza kukukata damu ya vidole.

Dada wa Mvuvi
Kaka kaambiwa aivae saa 23 kwa siku, avue akioga, mwaka mzima au zaidi. Kaskazi hii! Anaivua akifika baharini, anadhani hatujui.

Mtoto wa Mji
Na muwasho je? Mie wangu wa mguuni mwaka wa pili huu, usiku nakuna mpaka shuka ina damu.

Kasa
Ndimu.

Nesi Mstaafu
Ndimu marufuku! Jeraha likiwa limefunga kabisa, kanda mafuta mara kadhaa kwa siku, hata ya nazi, na kovu ulifunike na jua. Pigapiga kwa kiganja, usikune. Muulize daktari vidonge vya mzio.

Mzee wa Konde
Vidonge vinalaza mtu mpaka daku inampita.

Dada wa Mvuvi
Jamani naomba tuishie hapa. Kaka kaletewa haya maneno na mtu wa mjini, kapiga simu. La mume wangu hana tabu nalo. Anauliza nani kasema anavua nguo baharini.