Wakuu, nani hasa alimleta Nick Saban Alabama? Naomba ushauri kabla ya Jumapili

Msukuma Ughaibuni (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nipo Birmingham, Alabama, huu mwaka wa sita. Naomba mawazo yenu, na wale wa utani naomba msubiri kidogo maana kichwa kinaniuma kweli.

Huku kuna ule mpira wao wa kofia ngumu, wa vyuo vikuu. Kama hujauona usiudharau. Uwanja wa chuo cha Alabama pale Tuscaloosa unaingiza watu laki moja, na wanaocheza ni wanafunzi. Kocha aliyewarudishia heshima anaitwa Nick Saban. Alikuja Januari 2007, akastaafu Januari 2024, hapo katikati akabeba ubingwa wa taifa mara sita. Swali langu ni moja tu: sifa ya kumleta ni ya nani? Ya mkurugenzi wa michezo wa chuo wakati ule, marehemu Mal Moore, au ya mtu mwingine? Nahitaji jibu lenye hoja.

Kinyozi wa Temeke
Nimetandika mkeka. Ila mkuu, nilidhani umeachwa na mke.

Mdau wa Minnesota
Mimi Mkenya, niko Minneapolis na hii ligi ya vyuo naifuata kila Jumamosi. Wacha nikuambie, sifa ni za Mal Moore. Novemba 2006 walimfuta kocha Mike Shula. Saban alikuwa Miami anafundisha Dolphins, timu ya kulipwa, na tarehe 21 Desemba aliwaambia wanahabari wazi kabisa kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Mtu mwingine angekata tamaa. Moore alingoja msimu wa Dolphins uishe, akapanda ndege hadi Florida, akakaa huko mpaka jamaa akalegea. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba aliwaambia marubani: mkiona narudi bila Saban, nipelekeni Cuba. Januari 3 walirudi wote. Sasa utamnyima sifa mtu kama huyo kwa nini?

Msukuma Ughaibuni
Asante sana mkuu. Hata mimi naelekea huko huko. Nimeshamdokeza mtu hivyo.

Shangazi Mkali
Umemdokeza nani? Na Jumapili kuna nini?

Msukuma Ughaibuni
Hamna kitu kikubwa shangazi. Ni mazungumzo tu nyumbani kwa mzee mmoja, baada ya kanisa.

Kapteni Mstaafu
Mdau wa Minnesota kaeleza nusu. Moore alianza kwa kumtaka Rich Rodriguez, kocha wa chuo cha West Virginia. Mazungumzo yalifika mbali kabisa, Rodriguez akaghairi, akabaki kwao. Mwaka mmoja baadaye huyo huyo akaenda Michigan, misimu mitatu, akashinda mechi 15 na kupoteza 22, wakamfukuza. Kwa hiyo kama chaguo la kwanza la Moore lingekubali, leo mngekuwa mnamtukana Moore. Na kabla ya hapo makocha wake walikuwa nani? Franchione, akakimbilia Texas A&M baada ya misimu miwili. Mike Price, akafukuzwa kabla hajasimamia hata mechi moja. Shula, nyote mnajua. Mvuvi akitupa nyavu mara nne na ya nne ikapata papa, mnamwita bingwa wa bahari?

Kinyozi wa Temeke
Basi sifa apewe Rodriguez kwa kukataa. Uzi ufungwe.

Dada Tumaini
Hii mada imenikumbusha harusi yangu. Tulipofunga ndoa walijitokeza watu wanne, kila mmoja anadai ndiye aliyetukutanisha, kila mmoja anataka kanga ya mshenga. Mama mmoja wa kwaya alilia kabisa kwamba amesahaulika. Miaka miwili baadaye nikamkuta mume wangu na mambo yake, nikaenda kwa hao hao wanne kushtaki. Unajua waliniambia nini? Hakuna hata mmoja aliyemfahamu vizuri! Wa kwaya akasema, mimi nilikuwa nawaona tu kanisani.

Fundi Saa
Hahaha, Dada Tumaini, kanga wamerudisha?

Dada Tumaini
Thubutu.

Mwananchi wa Jangwani
Nabi alipotua Yanga Aprili 2021 watu walikuwa wanaguna kijiweni kwetu. Kachukua ubingwa mara mbili, kafika fainali ya Shirikisho 2023, ghafla hadi muuza kahawa anasema yeye ndiye aliyewaonyesha viongozi. Kocha akishinda kila mtu alikuwa skauti.

Mnyama wa Msimbazi
Fainali mliibeba?

Shangazi Mkali
Haya ya Kariakoo pelekeni uzi mwingine. Mleta uzi, nakuuliza tena. Mtu mzima haumwi kichwa kwa ajili ya kocha aliyekwishastaafu. Hayo mazungumzo ya Jumapili yana nini ndani?

Msukuma Ughaibuni
Sawa, niseme. Kuna watu wawili wamewekeana dau. Mmoja ni mzee mwenye nyumba ninayopanga chumba cha nyuma, anashikilia kwamba ni Moore. Wa pili ni msimamizi wangu ghalani, ndiye anayepanga zamu. Huyo anasema Moore alibahatisha, na kwamba aliyemleta Saban ni mkewe Terry pamoja na dola milioni 32 za mkataba wa miaka minane. Wakabishana kwenye nyama choma hadi mzee akapiga meza. Wakanichagua mimi niwe mwamuzi kwa sababu ni mgeni, sina upande. Hukumu ni Jumapili. Ndiyo maana nataka hoja.

Mtumishi Wake Bwana
Kamari ni kamari hata ikichezwa kwenye nyama choma. Jitoe, ndugu yangu. Mwambie kila mmoja achukue chake.

Msukuma Ughaibuni
Mimi sikucheza mtumishi, mimi ni mwamuzi tu.

Kapteni Mstaafu
Msimamizi wako ana akili. Simulizi za hukohuko Alabama zinasema Moore alipofika kwa Saban, mwenyeji aliyempokea vizuri ni Terry, na huyo mama ndiye aliyekuwa anatamani kurudi maisha ya vyuo. Na kwa wakati ule hakukuwa na kocha wa chuo aliyelipwa dola milioni nne kwa mwaka. Hela ile ilitoka kwa chuo na matajiri wanaokizunguka, haikutoka mfukoni mwa Moore.

Mdau wa Minnesota
Kapteni, pesa bila mtu wa kuisimamia si kitu. Halafu mnasahau msimu wa kwanza. 2007 Saban alimaliza ushindi saba, vipigo sita, akafungwa nyumbani na Louisiana-Monroe, chuo ambacho mashabiki wa Alabama walikiona cha kupasha misuli. Hapo nani alisimama na kocha? Msimu uliofuata wakashinda mechi 12, na 2009 wakawa mabingwa bila kufungwa. Moore alifariki Machi 2013, akiwa ameona ubingwa mara tatu. Hata jengo la timu lina jina lake.

Ila kama mnataka mtu aliyeajiri kwa jicho lake mwenyewe, tazameni chuo cha Clemson. Oktoba 2008 kocha wao aliondoka katikati ya msimu, na mkurugenzi Terry Don Phillips akampa timu Dabo Swinney, kocha wa wachezaji wanaopokea pasi tu, ambaye hajawahi kuongoza timu hata siku moja. Miaka michache nyuma Dabo alikuwa ameacha ukocha, anafanya kazi ya majengo ya biashara. Watu walicheka. Phillips akastaafu 2012, ubingwa ukaja msimu wa 2016 na wa 2018 mkurugenzi akiwa mtu mwingine. Saban alishachukua ubingwa na chuo cha LSU 2003, kila mtu alijua ni mzuri. Kumjua si kazi. Kazi ilikuwa kumtoa Miami.

Msukuma Ughaibuni
Hii ya mwisho nimeinakili. "Kumjua si kazi, kazi ilikuwa kumtoa Miami." Jumapili nitaisema hivyo hivyo. Nadhani tumemaliza wakuu, hukumu ni Moore.

Shangazi Mkali
Mbona una haraka? Kapteni hata hajajibu.

Fundi Saa
Wakuu mnamaliza bando bure. Hii ni CHAI. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwezi wa nane huyu huyu alifungua uzi anauliza bei ya mashine ya kukoboa mpunga, akaandika kwa mkono wake "tupo Kahama, eneo lipo". Leo yupo Alabama mwaka wa sita, anahukumu Wazungu. Msukuma, mpunga umekushinda umeamua kuhamia kwa Saban?

Kinyozi wa Temeke
Duh. Chai ya rangi, hata tangawizi haina.

Mnyama wa Msimbazi
Nilishangaa tangu mwanzo. Mzungu aache ndugu zake wote aje kuhukumiwa na mpangaji?

Mwananchi wa Jangwani
Leo tumekubaliana na Mnyama, andikeni tarehe.

Mdau wa Minnesota
Sasa mimi nimeandika insha mzima nikiwa kwa basi. Ati mtu yuko Kahama?

Dada Tumaini
Mleta uzi kimya saa ya tano hii.

Msukuma Ughaibuni
Sijakimbia. Nilikuwa zamu, simu hatuingii nazo ndani. "Tupo Kahama" ni sisi, familia. Mdogo wangu yupo kule, ndiye anayesimamia. Mashine ni yetu wawili, mwezi wa nane nilikuwa natafuta bei na mtaji. Nipo Alabama, anayetaka aamini, asiyetaka basi.

Shangazi Mkali
Mimi nakuamini. Mtaji uliupata?

Msukuma Ughaibuni
Niliupata.

Shangazi Mkali
Wapi?

Fundi Saa
Ngoja kwanza. Dau la hao wazee lipo kwa nani?

Msukuma Ughaibuni
Wakuu.

Dau lilikuwa kwangu. Waliweka dola 900 kila mmoja, jumla 1,800, wakanikabidhi kwenye bahasha kwa sababu ni mwamuzi. Hiyo ni Novemba. Januari aliyekuwa na mashine akasema kuna mteja mwingine, tukichelewa wiki moja inaondoka. Nikatuma 1,400. Niliazima, sikuiba. Nilipanga kurudisha kwa zamu za ziada, halafu mwezi wa pili zamu za ziada zikakatwa. Aliyezikata mnamjua.

Bahasha ninayo hapa mezani sasa hivi. Makubaliano waliyaandika kwenye karatasi laini ya kufutia mikono. Mzee kaandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa, mkono wake unatetemeka: jina lake na 900, jina la msimamizi na 900, chini kabisa jina langu. Juu ya jina langu kuna doa la mchuzi wa nyama, wino umesambaa, M imekuwa kama buibui. Pembeni yake zimebaki noti nne za mia.

Ila hata bila hela, hoja za Moore ni za kweli. Mmeziona wenyewe.

Kinyozi wa Temeke
Naondoa chai. Nimeweka maji ya moto upya.

Mtumishi Wake Bwana
Amana! Kijana, amana!

Shangazi Mkali
Kwa hiyo muda wote huu hukuwa unatafuta aliyemleta Saban. Unatafuta nani akudai. Mzee akishinda utamwomba subira, unakaa nyumbani kwake, umemzoea. Msimamizi akishinda huna kazi. Ndiyo maana ukawahi kufunga hukumu.

Msukuma Ughaibuni
Shangazi unanionea. Kapteni mwenyewe hakuweza kumjibu Mdau.

Kapteni Mstaafu
Nilikuwa nakula. Jibu langu ni hili: Saban alikataa hadharani Desemba 21, akakubali Januari 3. Katikati hapo Dolphins walimaliza msimu na ushindi sita, vipigo kumi. Mtu alikuwa amechoka. Kumtoa mtu anayetaka kutoka si kazi kubwa hivyo. Namuunga mkono msimamizi, na sasa namwonea huruma pia, maana ana 900 zake ndani ya mashine ya mpunga na hajui.

Mdau wa Minnesota
Kapteni, kutaka kutoka na kutoka ni vitu viwili. Lakini bro, mimi nimekusaidia kuiba bila kujua. Enda kwa mzee LEO, si Jumapili. Ukingoja wakae wawili mbele ya nyama, utaumbuka.

Dada Tumaini
Na usianze na hoja za kocha. Anza na hela.

Msukuma Ughaibuni
Mnasema kirahisi. Mzee ndiye aliyenipokea hapa nikiwa na begi moja. Ngoja nifikirie.

Msukuma Ughaibuni
Mrejesho. Nimetoka kwake. Nilimkuta barazani anamenya karanga za kuchemsha. Nimemweleza yote, bahasha nimeiweka mezani. Akahesabu zile noti nne, akazirudisha, akaisoma ile karatasi kama vile hakuiandika yeye. Amenyamaza hadi nikatamani anitukane. Halafu akauliza hiyo mashine inakoboa magunia mangapi kwa siku. Nikamwambia. Akauliza kilo ngapi kwa gunia. Nikamwambia. Akachukua kalamu, akaanza kupiga hesabu nyuma ya karatasi ile ile.

900 yake amesema nitaikata kidogo kidogo kwenye kodi. Ya msimamizi amekataa kuigusa, kasema hiyo nikaseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla ya Jumapili. Na uamuzi amenitoa. Kasema mtu mwenye deni hahukumu, wataenda kumuuliza mchungaji.

Kapteni Mstaafu
Mchungaji ni shabiki wa nani?

Msukuma Ughaibuni
Auburn.

Mdau wa Minnesota
😂😂😂 Hao ndio mahasimu wa Alabama wenyewe. Atasema sifa ni za shetani.

Shangazi Mkali
Na kwa msimamizi unaenda lini?

Msukuma Ughaibuni
Zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Huwa anafika wa kwanza.

Kinyozi wa Temeke
Mkuu, waulize marubani wa Moore kama bado wanakwenda Cuba.

Mkulima wa Isaka
Habari wakuu, nimechelewa uzi. Hiyo mashine ni ya dizeli au ya umeme? Nipo jirani, nina magunia arobaini.