Tuvix: Janeway aliokoa wawili au aliua mmoja?

Mzee wa Kireka
Wadau, jana nimerudia ile episodi ya Tuvix ya Star Trek Voyager, tamthilia ya safari za angani, ya 1996, msimu wa pili. Kwa mliosahau, Tuvok mkuu wa usalama na Neelix mpishi wanarudi kwenye meli ya angani kwa transpota, ile mashine ya kurusha watu, na maua waliyochuma, mashine inawachanganya, anatoka mtu mmoja, Tuvix, mwenye kumbukumbu za wote wawili. Baada ya wiki kadhaa daktari anapata njia ya kuwatenganisha, jamaa anakataa, anasema na mimi nataka kuishi. Kapteni Janeway anamtenganisha kwa nguvu. Enzi zile sote tulikuwa upande wa kapteni, sasa mimi naona yule mama aliua mtu mchana kweupe. Nani anabisha?

Opio_Gulu
Mimi. Wawili kwa mmoja, hiyo hesabu hata mtoto wa P1 anaifanya. Tuvok ana mke na watoto wanne wanamngoja, meli iko safari ya miaka 75 kutoka nyumbani, unakaaje bila mkuu wa usalama? Neelix sawa angebaki humohumo, mpishi tu. Lakini Tuvok??

Nalongo Jikoni
Ati mpishi tu. Ssebo wewe umekula nini leo na nani alikipika? Mimi napikia shule ya bweni, posho na maharage, moto nawasha saa tisa usiku mvua inyeshe isinyeshe, mwiko wenyewe naushika kwa mikono miwili na moshi wote unaishia machoni mwangu. Siku nisipotokea hao watoto hawamuulizi askari wa geti, wananiuliza mimi. Mkuu wa usalama haliwi.

Opio_Gulu
Nalongo pole, sikukutaja wewe. Ila huyo unayemtetea jibini yake ndiyo iliyoambukiza mitambo ya meli mpaka nusura wakwame, msimu wa kwanza huo, nenda kaangalie. Na alivamia chumba cha kulia cha kapteni akakigeuza jiko bila kuomba ruhusa.

Kibanda_Boy
Ngojeni kwanza, kwani Tuvix alikufa?? Mimi niliiona kwenye kibanda cha video, VJ, yule anayetafsiri filamu kwa mdomo, alisema wamempeleka gereza la Luzira kwa kosa la kutumia sura za watu wawili. Watu walipiga makofi

Mzee wa Kireka
Hahaha banange. Ndiyo maana nawaambia muangalie bila VJ, hao wanatunga filamu yao juu ya filamu ya watu.

Kibanda_Boy
Mzee usiwaguse ma-VJ. Bila wao nusu ya Kampala isingejua hata Rambo ni nani. Wewe unaelewa hicho Kizungu cha angani chote? Au unaangalia tu nyota zinapita?

Afande_Mstaafu
Vijana mmepotea njia. Iangalieni ile sehemu ya chumba cha usukani. Tuvix anazunguka anawaomba wenzake mmoja mmoja, mtu aliyefanya nao kazi wiki nzima nzima, na kila mmoja anakwepa macho. Hakuna aliyesimama. Daktari ambaye hata binadamu siye, ni hologramu, yeye peke yake akasema siwezi, kiapo changu hakiniruhusu kumuua mtu asiyetaka. Basi kapteni akabonyeza mwenyewe. Mimi nimevaa gwanda miaka mingi, mkubwa asiyemtuma koplo kazi chafu namheshimu.

Mzee wa Kireka
Kwa hiyo afande ukiua kwa mkono wako mwenyewe inakuwa halali? Hayo ndiyo mliyokuwa mnafundishana huko?

Afande_Mstaafu
Chunga mdomo kijana. Nimesema namheshimu, sijasema halali. Soma kabla ya kujibu.

Opio_Gulu
Afande ana pointi. Na msisahau Kes, mpenzi wa Neelix, alienda kwa kapteni analia anamtaka Neelix wake. Kapteni angemwambia nini, kaolewe na huyu mpya, nusu yake unaijua?

Mzee wa Kireka
Machozi ya Kes siyo hukumu ya kifo. Na tangu siku ile mpaka Voyager inaisha 2001 hamna hata mmoja anayemtaja yule jamaa, utadhani hakuwahi kuwepo. Ilibidi waje watu wa Lower Decks mwaka 2023, katuni ya Star Trek hiyohiyo, ndio waseme wazi kwamba Janeway aliua.

Nalongo Jikoni
Mimi ningemwacha Tuvix. Mnakumbuka wamejazana jikoni kila mtu anajipikia chake, vurugu tupu, yeye anaingia anashika usukani wa jiko kama mwenye nyumba? Huyo ni mpishi NA mkuu wa usalama, mshahara mmoja.

Opio_Gulu
Heee! Nalongo, si umetutukana hapa kwa ajili ya Neelix? Sasa umemuua wewe mwenyewe!

Nalongo Jikoni
Nilitetea kazi, siyo mtu. Neelix alikuwa anawalisha mzizi wa leola asubuhi mchana jioni, na wote walikuwa wanauchukia. Mimi nikifanya hivyo kwetu shule inachomwa moto.