Ampisilini ya wodi ya njiti: kwa hesabu ni ya mwezi, inaisha siku ya sita

StooYaWodi
Wakuu, habari za kazi. Wodi ina wachanga 10 wanaotumia ampisilini (antibiotiki ya sindano), wastani wa kilo 2. Dozi ni 50 mg kwa kilo kila baada ya saa 12, yaani 200 mg kwa mtoto kwa siku. Kwa mwezi ni 60,000 mg, sawa na vichupa 120 vya 500 mg. Siku ya sita kabati tupu. Ni wizi au hesabu? Safakitanti (dawa ya kusaidia mapafu ya njiti kufunguka) nayo inaharibika kabla haijatumika.

Kadi_ya_Stoo
Hakuna mwizi hapo. Wewe umehesabu miligramu, wodi inatumia vichupa. Ampisilini ikishachanganywa na maji lazima itumike ndani ya saa moja, kwa hiyo kila dozi inafungua kichupa kipya: 100 mg zinaingia kwa mtoto, 400 zinamwagwa. Watoto 10 mara dozi 2 ni vichupa 20 kwa siku. 120 ukigawa kwa 20 unapata hizo siku 6. Mwezi unataka 600. Kama mzigo unachukua siku 14 kufika na unaweka akiba ya siku 7, toa oda stoo ikibaki na 420.

StooYaWodi
Duh! Asante mkuu. Hizo 400 haziwezi kugawiwa watoto wengine?

Sindano1ml
Zinaweza, ila zivutwe famasi kwenye kabati la hewa iliyochujwa, si kando ya kitanda. Kichupa kimoja kikichafuka, wadudu wamefika kwa watoto wanne. Na dozi za watoto wote ziwe wakati mmoja, tuseme saa 3 asubuhi na saa 3 usiku, la sivyo ile saa moja inakupita. Kwenye karatasi kichupa kinatoa dozi 5. Panga 4, maana kuna inayobaki kwenye sindano. Halafu poda nayo ina ujazo wake: ukitia maji 5 ml hupati 100 mg kwa kila ml, unapata pungufu. Fuata kiasi cha maji cha mtengenezaji.

Friji_nyuzi4
Safakitanti usiipangie kwa wastani wa mwezi, matumizi yake ni ya kushtukiza. Weka idadi ambayo haishuki chini yake, basi. Kama ni poraktanti (aina mojawapo ya safakitanti), weka saizi zote mbili: kwa 200 mg kwa kilo, mtoto wa gramu 600 anamaliza kichupa cha 1.5 ml, wa kilo 1.2 anamaliza cha 3 ml. Inakaa nyuzi 2 hadi 8, mbali na ukuta wa nyuma unaogandisha. Kichupa kilichopashwa joto bila kufunguliwa kinarudi kwenye friji mara moja tu, ndani ya saa 24. Kiandikwe saa kilipotolewa, kwa kalamu, juu ya boksi. Bila hivyo zamu ya usiku inakitoa tena na hakuna anayejua.

Kadi_ya_Stoo
Nyongeza: kafeini, ile dawa ya kuwasaidia njiti wasisahau kupumua. Inakuja kama chumvi iitwayo kafeini sitrati, na 20 mg za sitrati ni 10 mg za kafeini yenyewe. Kwenye leja andika "sitrati" kila mara.