Baba amesema chipsi asizione: tule wapi Tabora?

MtotoWaMwalimu (Morogoro)

Habari zenu ndugu zangu wa Tabora. Wiki ijayo namleta baba yangu huko. Ana miaka 71, alisoma Tabora School miaka ya 70 na tangu amalize hajarudi. Tutakuwa sita: yeye, mama, mimi, mume wangu na watoto wawili. Tunafika Alhamisi, tunaondoka Jumapili.

Ombi lake ni moja tu. Anataka kula chakula cha Kinyamwezi, akae mezani, anawe mikono, ale taratibu. Anataja ugali wa muhogo, mlenda wa karanga, na kitu anachokiita nsansa ambacho mimi sijawahi kukiona. Anasema Jumapili wakiruhusiwa kutoka shuleni walikuwa wanachangishana wanakwenda kula kwa mama mmoja upande wa stesheni, na mpaka leo hajala mboga kama ile.

Mwaka jana nilipita Tabora kikazi siku mbili. Kila nilipokaa niliambiwa yaleyale: chipsi kuku, chipsi mayai, wali nyama, wali maharage, ugali samaki. Sehemu moja nikaagiza kuku wa kienyeji, nikasubiri karibu saa mbili, akaja kuku ambaye mfupa wake ulikatika kwa vidole. Baba yangu sitaki yamkute hayo. Mama ana presha, chumvi lazima iwe kidogo, na magoti hayamruhusu kukaa kwenye kigoda. Mnatushauri nini?

KijanaWaIsevya

Karibuni sana. Kama kuna wazee na watoto, mimi ningewapeleka kwenye hoteli zenye bustani, viti ni vizuri na vyoo ni safi. Ila chakula hicho anachokitaja mzee huko hukipati. Kwa mlenda nenda kwa mama lishe sokoni saa saba mchana, sahani 2,500 unashiba. Tatizo ni mabenchi, na mama yako nadhani atapata shida.

MpishiWaNgambo

Dada, mwangaluka. Nimepika kwenye migahawa ya hapa mjini miaka 14, sasa napika nyumbani kwa oda. Nakwambia ninachokijua kwa mikono yangu.

Chakula anachokitaka mzee kipo. Pita leo Ng'ambo, Isevya au Cheyo mchana, utakikuta kwenye nyumba nyingi. Wenye migahawa ndio wanaona aibu kumpa mgeni mlenda. Mgeni katoka mbali, kavaa vizuri, wanadhani ukimwekea majani umemdharau. Kwa hiyo wanamkaangia chipsi, ndiyo heshima wanayoijua.

Tajiri wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo. Sisi wa jikoni tulikuwa tunapika chakula chetu pembeni. Siku moja nilikuwa na nsansa jikoni, nimeshamimina karanga, harufu ikatoka mpaka mezani. Dereva wa lori mmoja akaja mpaka mlangoni kuuliza tunapika nini. Alikuwa ameshaletewa wali nyama. Akaulipia, akauacha, akaomba sahani ya kule kwetu. Nikamwekea. Alikula amenyamaza, alipomaliza akaniuliza mimi ni wa wapi, nikamwambia Sikonge, akasema mama yake naye alikuwa wa huko huko. Baada ya hapo tajiri alikubali niwe napika sufuria moja kila Jumatano, na haikuwahi kulala.

Ndiyo maana mimi huwaambia wageni: ukiingia mgahawani Tabora, acha kuuliza "mna chakula gani", maana utasomewa orodha. Muulize mhudumu, "wenyewe leo mnakula nini?" Muulize kwa upole na umaanishe. Mara nyingi kuna sufuria pembeni.

Kwa watu sita lakini usibahatishe. Mkifika Alhamisi, nenda mgahawa wowote wenye meza nzuri na viti vya mama, omba kuongea na mpishi mwenyewe, toa oda ya mchana wa Ijumaa au Jumamosi. Mwachie na hela ya kununulia vitu. Sababu ni hizi.

Nsansa ni majani ya kunde yaliyochemshwa yakaanikwa. Ni meusi na makavu, ukiyashika yanavunjika kama tumbaku. Lazima yarudishwe majini, yachemshwe taratibu mpaka yalainike, ndipo uweke karanga zilizotwangwa, na hapo huondoki jikoni, unakoroga mpaka mafuta ya karanga yapande juu. Ukiharakisha mtu atatafuna kamba. Mlenda ni wa mwisho kabisa. Mwambie mpishi asiupike mpaka awaone mmekaa, kwa sababu mlenda uliopashwa moto haurudi ulivyokuwa. Ugali wa muhogo vilevile, ukipoa unakuwa mgumu, mzee mwenye meno ya kuweka hauwezi. Unaweza kuomba uchanganywe na mahindi kidogo, unalainika.

Kuku wa kienyeji ndiye anayewagombanisha watu. Jogoo aliyekomaa hachemki chini ya saa moja na nusu, na kuna kumkamata, kumchinja, kumnyonyoa na kumbabua manyoya madogo kwenye moto. Mgahawa ukikwambia nusu saa, ama alichemshwa jana, ama si wa kienyeji. Siku hizi kuna chotara wengi, wana rangi za kienyeji lakini nyama yake inaachia mfupa mapema. Wewe lipa kuku mapema, na ukiweza mwone angali hai. Hakuna atakayeudhika, huku ni kawaida.

Sasa ni Juni. Maembe hakuna, uyoga mbichi hakuna, huo ni wa masika. Mzee akiukumbuka, umwambie arudi mvua zikinyesha. Ila Juni ina vyake. Viazi vimeshavunwa na akina mama wanaanika, kwa hiyo matobolwa mapya, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, yanapatikana sokoni. Nunua, waambie wayapashe kidogo, wayalete na karanga na chai. Asali mpya ya porini nayo inaingia kipindi hiki. Usimnunulie mzee ile ya chupa iliyokaa juani barabarani, ulizia kwa wenye duka la asali, uonje kabla ya kulipa. Ukikuta ya nyuki wadogo, inayochachuka kidogo kwenye ulimi, mpe kijiko kimoja tu kwanza umwangalie usoni.

Chumvi ya mama: mwambie mpishi atenge mboga yake kwenye kibakuli kabla hajaweka chumvi na magadi. Mlenda wetu huwa na magadi kidogo, na watu wa presha hawashauriwi kuyala, na wapishi wengi hawakumbuki kuyataja.

MtotoWaMwalimu

Dada asante, nimemsomea baba ujumbe wako wote. Ulipotaja kamba alisema huyo anajua. Swali moja: nimwachie mpishi kiasi gani? Na vipi kuhusu yule mama wa stesheni, kuna mtu anaweza kumkumbuka?

MpishiWaNgambo

Kuku mmoja mkubwa wa kienyeji, kupikwa na kila kitu, hapa mjini wanataka kati ya 30,000 na 40,000. Kwa watu sita mmoja mkubwa anatosha mkiwa na mboga mbili. Mboga na ugali wote mtaelewana kwenye 20,000. Mwachie nusu, nusu baada ya kula.

Yule mama sitaki nikudanganye, ni miaka 50 imepita. Ila stesheni kula pale ni jambo la siku nyingi. Reli ilifika Tabora 1912, na tawi la Mwanza likakamilika 1928, tangu hapo hii ni njia panda: wa Kigoma, wa Mwanza, wa Dar wote wanashuka hapa wana njaa. Akina mama wamelisha abiria pale vizazi na vizazi. Mpeleke mzee atembee pale asubuhi, anywe chai ya maziwa na kitumbua. Atakapotaka kusimama, mwache asimame.

AbiriaWaKigoma

Naongezea kimoja. Kama mnakuja kwa treni, baba yako atakuwa anaikumbuka stesheni ya Saranda, treni ikisimama watu wanashuka kununua kuku. Msimshibishe huko! Na Tabora wakiwaambia kuna mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, ulizeni umefika lini kutoka Kigoma. Mgebuka mkavu wa nazi ni mzuri sana kwa ambaye hali kuku.

KijanaWaIsevya

Kumbe magadi ni shida kwa presha? Mama yangu anakula mlenda kila wiki na anameza dawa za presha. Leo namwambia. Asante mama.

MtotoWaMwalimu

Tumerudi Morogoro jana. Nimeona niwape majibu, maana mlijitoa.

Alhamisi jioni niliingia mgahawa mmoja mdogo nikamwomba mhudumu aniitie mpishi. Akatoka mama mtu mzima, anajifuta mikono kwenye kanga. Nilipotaja nsansa alicheka kwa furaha, akaniuliza "nani amekwambia?" Tukakubaliana Ijumaa saa saba. Jogoo nilimwona amefungwa miguu chini ya mwembe.

Ijumaa tulikaa. Binti akaja na jagi la maji ya vuguvugu na beseni, akaanza kwa baba, akapiga goti akasema shikamoo babu. Baba alinawa polepole sana. Ugali ulikuja unatoa moshi, mweupe unaoelekea kijivu, nsansa kwenye bakuli la udongo, mlenda ukafuata tukiwa tumeshaanza kumega. Alimega tonge, akalibonyeza shimo kwa kidole gumba, akachota nsansa, akatafuna macho yamefumba. Hakusema kitu mpaka tonge la tatu. Halafu akaanza kutaja majina ya wenzake wa bwenini, mmoja mmoja, na nani alikuwa anakula zaidi ya wenzake. Mama, ambaye kwao ni pwani na hajawahi kuupenda mlenda, alimaliza kibakuli chake kisicho na chumvi akaomba tena. Watoto walikula kuku na matobolwa, mdogo amejaza mengine kwenye mfuko wa begi la shule.

Jumamosi asubuhi tulikwenda stesheni. Alisimama upande wa barabara kama dakika ishirini. Chai hakuinywa ikapoa.

MpishiWaNgambo, nina ombi. Baba ananiuliza kila asubuhi kama nsansa zinaweza kutumwa kwa basi. Nikikutumia nauli na bei, unaweza kunifungia kilo moja, pamoja na maelekezo ya muda wa kuchemsha?

MpishiWaNgambo

Ninaweza. Kilo ni nyingi, ni nyepesi kama karatasi, itajaza gunia. Nakufungia robo, na karanga zetu humo humo, za dukani msitumie. Mwambie mzee aniandikie mwenyewe anazipenda laini kiasi gani.