Meza ya pool "ya jiwe" ya Sh145,000 imevimba kama mandazi

Wadau, nimekaa na hasira hii wiki tatu, leo naitoa. Lugha ikichafuka mnisamehe.

Nilipomaliza kujenga huku Ruai, chumba kimoja cha chini nilikitenga kwa ajili ya meza ya pool. Kijana wangu ana miaka 16 na nilichoka kumfuata kwenye vilabu vya Barabara ya Kangundo, ambako meza imewekwa ubavuni mwa kaunta ya pombe. Nikasema acheze nyumbani, wenzake waje hapa, angalau nitajua wanakunywa nini.

Nikaenda duka moja Eneo la Viwanda. Jina silitaji, shemeji yangu amenionya. Muuzaji akanikalisha, akaniagizia soda, akanifundisha kuhusu sleti, lile jiwe la chini ya kitambaa, kuliko mwalimu wa jiografia: kwamba meza ya maana kitanda chake ni jiwe, limesagwa likawa tambarare, unene wa inchi moja, halivimbi wala halipindi. Na yote hayo ni kweli! Hapo ndipo panaponiuma. Mtu alijua kabisa kitu kizuri ni kipi, akaniuzia kingine. Nikatuma 145,000 kwa M-Pesa, akaniandikia risiti kwa mkono wake: "Meza ya pool futi 7, jiwe."

Siku ya kuletwa ndiyo ningeshtuka. Vijana wawili waliishusha kwenye pikapu ikiwa nzima, wakapanda nayo ngazi za baraza huku wakibishana kuhusu timu za Gor na Ingwe. Wawili! Sleti ya inchi moja ya meza ya futi saba, jiwe peke yake bila miguu wala fremu, ni kama kilo 150. Mimi nikasimama pale nawasifu kwa nguvu zao. Nikawapa na ya chai.

Fundi wao akaweka pimamaji mara moja tu, katikati, akairudisha mfukoni. Kwenye kona haikufika. Mguu mmoja ulikuwa unaning'inia, akakunja pakiti ya unga mara nne akaisukuma chini yake. Nilipouliza, akasema, "Itajikalisha, bosi."

Haikujikalisha. Mpira ukiuacha katikati unaondoka wenyewe, polepole, kama mtu anayetoroka harambee, mpaka kwenye shimo la kona ya kushoto. Kisha mvua zikaanza. Nikapitisha kiganja juu ya kitambaa, pale tunapopanga mipira, nikagusa kitu kama jipu. Mpira mweupe ukifika hapo unaruka. Kijana wangu alicheka, mimi sikucheka.

Nikaingia chini na tochi ya simu. Sleti ni ya kijivu, ubaridi wake unausikia hata saa saba mchana, na ukiigonga kwa sarafu ya shilingi ishirini inalia kwa ukali. Yangu ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu, na nilipoigonga ikanijibu pu, pu, kama mlango wa choo. Nikakwaruza kwa ukucha, kahawia ikatokea. Nikang'oa pini za kitambaa kona moja: vipande viwili vya MDF, vimeunganishwa kwa ile fila ya kuzibia bodi za matatu, kitambaa kimebandikwa kwa gundi ya viatu. MDF ni vumbi la mbao lililogandishwa, ikinyonya unyevu inaumuka. Hilo hata muuzaji aliniambia kwa mdomo wake, alipokuwa akizisema vibaya meza za wenzake!

Nikampigia simu. Mnajua alinijibu nini? "Bosi wangu, sisi hapa jiwe ni jina la modeli." Nikamuuliza modeli ya nini. Akasema huku Ruai hali ya hewa ni mbaya. Tangu siku hiyo hapokei.

Na ndiye aliyenihakikishia kwamba chumba cha futi 12 kwa 14 kinatosha. Uwanja wa meza ya futi saba ni kama sentimita 99 kwa 198, kijiti cha kawaida ni kama 145, na unahitaji nafasi hiyo kila upande. Inakuja karibu futi 13 kwa 16. Hili nakubali nusu ni kosa langu, futi ya kupimia ninayo. Plasta ya ukuta ina vidonda tayari.

Sasa swali. Nataka kwenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Najua inachukua madai yasiyozidi shilingi milioni moja, naweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Risiti yenye neno "jiwe" ninayo, picha ninazo. Aliyewahi kupita pale aniambie: nikate kipande cha hiyo MDF nikibebe, au nikiikata nitakuwa nimeharibu ushahidi? Nijibuni haraka, maana mama watoto ameshaanza kukunjia nguo juu yake, na jana nimekuta pasi.